Kijana Asiye na Mjomba

Bartholomew Mbithi alikuwa na watoto wanne kwa mkewe na mmoja kwa kompyuta. Wale wanne aliwataja akiulizwa. Huyu wa kompyuta hakungoja kuulizwa.

Alimwita Kijana. Kijana alikuwa makro, yaani yale maagizo ambayo mtu huiandikia kompyuta mara moja, halafu yenyewe huyarudia kila siku bila kuchoka wala kuomba chai. Kabla ya Kijana kuzaliwa katika ofisi yetu ya Machakos mjini, orodha ya watu wa kupewa mahindi ya msaada ilichukua juma zima kuandikwa, na kila karani alikuwa na shangazi ndani yake. Baada ya Kijana, ulibonyeza vitufe viwili, ukakohoa, na orodha ya Yatta nzima ikatoka kwenye mashine, kila kituo na watu wake, kila boma na kilo zake.

Mimi nilikuwa mtunza ghala. Naitwa Kiema, na nilisema tangu mwanzo kwamba kitu kisichokula mahindi hakifai kupewa kazi ya kuyagawa. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu nilisema nikiwa ghalani, na ghala liko nyuma ya jengo.

Bartholomew alikuwa amesomea kompyuta katika chuo kimoja juu ya bucha, akatoka na cheti chenye doa la mafuta. Alikuwa mwembamba, mwenye tai hata wakati wa kiangazi, na Jumapili aliimba kanisani sauti ya tatu kwa nguvu ya sauti zote nne. Jioni, kazi ikiisha, aliifunika kompyuta kwa kitambaa alichofumiwa na mkewe, akachomeka pembe zake chini taratibu, unavyomfunika mtoto usiku wa baridi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mutheu, sekretari wetu, aliwahi kuipangusa vumbi na akaandikiwa onyo.

Lakini nisimwonee. Mtu yule alikuwa mwaminifu kiasi cha kuudhi. Watu walipanda ngazi na matumbo matupu, wengine na kuku mkononi, wakamwomba awaongeze kwenye orodha kwa kalamu tu, jina moja, nani atajua? Yeye aliwaelekeza kwenye kompyuta. "Muulize Kijana," aliwaambia. "Kijana hana mjomba." Katekista wake mwenyewe aliambiwa hivyo, akarudi na kuku wake.

Neno hilo, alisema, alifundishwa na babake. Tulimjua huyo baba vizuri kwa sifa, ingawa hakuna aliyewahi kumwona. Baba ndiye aliyeuza fahali wake wa mwisho ili Bartholomew asome. Baba ndiye aliyekuwa na mbuzi mmoja wa maziwa wakati wa njaa ya zamani, akapima maziwa kwa kikombe, kikombe cha jirani sawasawa na kikombe cha nyumbani. "Nikilia niongezewe," Bartholomew alituhadithia, "ananiambia, kikombe hakina mjomba." Mimi nilimwona mzee huyo akilini mwangu: kofia, fimbo, ndevu nyeupe, na roho ngumu. Vyote nilivyoviona vilikuwa sahihi isipokuwa kofia na ndevu.

Mwaka wa 2000 mvua ilipita Yatta bila kupiga hodi. Watu walikula mbegu, kisha wakauza mbuzi waliokonda kwa bei ya kuku, kisha wakatungoja sisi na mwolyo wetu. Ndivyo Wakamba wanavyoyaita mahindi ya msaada, na ni jina la zamani, kwa sababu njaa kwetu si mgeni. Na ni mwaka huo huo wafadhili walipotaka kujua mambo zaidi kuhusu njaa yetu.

Awali, disketi ya majina iliyotoka Nairobi ilikuwa na safu nne tu: kijiji, nambari ya kadi, mwenye boma, na idadi ya watu wanaokula bomani. Kijana alifundishwa kuichukua safu ya nne, kuizidisha kwa kilo, na kunyamaza. Sasa ikaja disketi mpya yenye safu saba. Baada ya mwenye boma waliweka jinsia yake, kisha jina la mwenzi wake wa ndoa, kisha jinsia ya mwenzi, na idadi ya watu ikasukumwa mwisho kabisa. Jinsia iliandikwa kwa tarakimu: mwanamume 1, mwanamke 2. Hakuna aliyemwambia Kijana. Yeye alienda moja kwa moja kwenye safu ya nne, kama alivyolelewa, akakuta jinsia, akadhani ni watu.

Basi kila boma la mwanamume, hata awe na watoto tisa na mama mkwe, likaandikiwa chakula cha mtu mmoja. Kila boma la mjane likaandikiwa chakula cha watu wawili.

Orodha iliponifikia ghalani nilifurahi, maana lori lisingejaa hata nusu na mgongo wangu ulikuwa umeanza kuzeeka. Nilipoona jirani yangu wa zamani, ambaye watoto wake hata yeye huwahesabu kwa vidole vya miguu, ameandikiwa mtu mmoja, nikapanda ngazi.

"Mbithi," nikamwambia, "kwani watu wa Yatta wameenda wapi?"

"Kijana hakosei," akajibu bila kugeuka.

"Basi wajane wanaoishi peke yao wamebarikiwa. Kila mmoja ameongezewa mtu."

Aligeuka. Akasoma. Akafungua ile disketi, na uso wake ukawa kama wa mzazi aliyeitwa shuleni. Alilaumu Nairobi, akalaumu wafadhili, akalaumu hata Mutheu kwa lile vumbi. Kisha akaketi akamfundisha Kijana upya. Sasa hangehesabu safu tena. Angetafuta kichwa kilichoandikwa "Idadi ya watu" popote kilipo, hata wakikificha mwisho. Kazi ilimchukua siku nzima, na alipomaliza aliimba.

"Sasa hata wachanganye safu zao kama karata," akasema, "Kijana atazijua kwa majina."

Angeishia hapo, hadithi hii nisingekuwa nayo.

Juma lililofuata akaja Bi Waithira, msimamizi wetu kutoka Nairobi, ambaye kwao ni Murang'a. Alikuwa mama mwenye haraka na viatu vizuri, na alikuwa na neno moja alilolipenda: usafi. Hakumaanisha wa ofisi. Alimaanisha wa takwimu. Alisema wapiga chapa wa Nairobi wanakosea, wanaandika wanawake wawili kama mume na mke, na wafadhili wakiona watacheka.

"Bwana Mbithi, Kijana anaweza kuwatoa hao?"

"Madam, hiyo ni laini moja tu ya maagizo," akasema Bartholomew, na akaiandika papo hapo mbele yetu. Ikiwa mwenye boma na mwenzi wake wana tarakimu moja, 1 na 1 au 2 na 2, mstari wao uondolewe kwenye orodha ya chakula, upelekwe kwenye karatasi nyingine inayoitwa Makosa. Hakuna mahindi mpaka Nairobi irekebishe.

Tulikuwa Wakamba watatu chumbani humo, Bartholomew, Mutheu na mimi, na sote tukatikisa vichwa kukubali. Mtu akipanda ngazi za ofisi huacha kichwa cha nyumbani chini. Tulitikisa vile vya ofisini.

Bi Waithira akaondoka. Bartholomew akabonyeza vitufe vyake viwili, na karatasi ya Makosa ikajaa. Maboma zaidi ya thelathini. "Ona uchafu huu," akasema kwa furaha, akishuka nayo mstari kwa mstari. Katikati ya ukurasa kidole kikasimama. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali nje, lakini alichukua kitambaa chake, akaifunika kompyuta, akachomeka pembe, akatoka. Chai yake ilipoa na Mutheu akainywa.

Nilichukua nakala iliyokuwa imechapwa nikaisoma. Wanawake na wanawake, kuanzia juu mpaka chini. Hapo ndipo kichwa cha nyumbani kiliponirudia. Hakuna mpiga chapa aliyekosea. Kamati za vijiji ziliulizwa mwenzi wa ndoa ni nani, na wazee wakajibu ukweli, kwa sababu wazee wetu wakiulizwa swali hulijibu.

Kwetu mwanamke aliyekosa mtoto, au mjane asiye na mwana, anaweza kuoa. Hupeleka ng'ombe kwa wazazi wa msichana, hupeleka mbuzi wa ntheo wanaofunga ndoa, na huyo bibi harusi anaitwa iweto. Watoto atakaozaa ni wa boma hilo na hubeba jina lake. Nyumbani watamwita yule mama mkubwa Susu, kama anavyoitwa bibi yeyote. Lakini mbele ya wazee, aliyetoa ng'ombe ndiye baba. Hakuna anayecheka, labda watu wa Nairobi.

Sipendi kumficha msomaji jambo ambalo mimi mwenyewe nilifichwa, kwa hiyo nitalisema sasa, ingawa siku ile sikulijua. Katikati ya karatasi ya Makosa kulikuwa na mstari huu: mwenye boma, Wayua Mbithi, 2. Mwenzi, Mumbua, 2. Watu saba. Mumbua ndiye aliyemzaa Bartholomew. Na Wayua ndiye alikuwa yule baba wa kikombe.

Bartholomew alipoingia tena nikamwambia, "Hizi ni nyumba za maweto. Toa ile laini."

"Ni amri ya Madam."

"Amri ya nani? Si wewe ndiye uliandika?"

"Atataka maelezo."

"Mpe."

"Nimpe maelezo gani, Kiema?" Alinyoosha tai. "Kwamba huku kwetu baba wa mtu anaweza kuwa mwanamke?"

Nilikasirika. Nilidhani anatuonea haya sisi sote mbele ya wageni, na nikamwambia maneno ambayo mtu wa kwaya hapaswi kuambiwa. Akasema mwezi ujao yatarekebishwa. Nikamuuliza kama tumbo linajua mwezi ujao ni nini. Nikashuka ghalani, nikapanga mahindi ya lori kulingana na orodha yake, na kila gunia nililoliinua nililiinua kwa hasira.

Baadaye alinisimulia alivyohangaika. Angeweza kuigeuza ile 2 ya Wayua iwe 1. Hakuna ambaye angejua. Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka kikatoka jasho. Lakini huko kungekuwa kuongeza jina kwa kalamu, na yeye alikuwa amemnyima hata katekista. Au angesema ukweli, na ukweli ungepanda ngazi mpaka kwa Mutheu, na kutoka kwa Mutheu mpaka kwenye kwaya, na kutoka kwenye kwaya mpaka kwa wakwe zake, ambao alikuwa amewaambia babake hasafiri kwa sababu ya miguu. Kwa hiyo akachagua njia ya tatu, ambayo ni njia ya watu wenye mshahara. Alienda sokoni Tala akanunua gunia moja la mahindi, akamwomba dereva alifiche nyuma ya kiti cha lori, alifikishe bomani kwa Wayua kimya kimya. Boma lake lingekula. Maboma mengine thelathini yangengoja. Na Kijana angebaki msafi.

Bi Waithira aliharibu mpango huo kwa kutaka kuiona orodha mpya ikifanya kazi. Akamchukua Bartholomew kwenye gari lake mpaka kituo chetu kimoja huko Yatta, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mimi nilitangulia na lori. Meza iliwekwa kivulini ubavuni mwa darasa, mizani ikafungwa kwenye mti, watu wakapanga foleni na magunia matupu chini ya kwapa. Bartholomew akaanza kusoma majina. Alisoma haraka, uso ndani ya karatasi, kama mtu anayevuka barabara kwa kufumba macho.

Alipofika mwisho, mwanamke mmoja mzee alitoka kwenye foleni. Alikuwa mrefu, amevaa koti kuukuu la kiume lililomfika magotini, na fimbo aliyoibeba zaidi ya kuiegemea. Nyuma yake alifuata mwanamke mwingine wa makamo aliyeshika gunia.

"Mbithi," akasema, "sijasikia jina langu."

"Ngoja kidogo, mama."

Yule mzee akageuka akamtazama mwanamke aliyekuwa nyuma yake, kisha akamrudia Bartholomew. "Mama yako ni yule pale. Mimi tangu lini umeniita mama?"

Bi Waithira aliinua kichwa. "Bwana Mbithi, huyu ni nani?"

"Madam, ni... kuna makosa kidogo. Tutayarekebisha mwezi ujao."

Kiswahili cha Wayua kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha. "Makosa?" akauliza. Hakupaza sauti. "Ng'ombe wa huyu Mumbua nilitoa mimi. Mbuzi wa ntheo nilivuta na kamba mimi mwenyewe, na mvua inanyesha, wakati huo mvua ilikuwa inanyesha. Huyu Mbithi alipozaliwa nilimpa jina la bwana yangu. Shule nililipa mimi. Kama mimi niko kwa makosa, basi mwandike na yeye hapo chini yangu. Mtoto akae na baba yake."

Watu wa foleni walisogea. Ndipo nilipoelewa ile chai iliyopoa, na maneno yote niliyomwambia yakanirudi mdomoni, machungu. Bartholomew aliitazama karatasi, akaitazama tena, kana kwamba Kijana angemsaidia. Kijana alikuwa Machakos, chini ya kitambaa.

"Madam," akasema, na alisema kwa ile sauti yake ya Jumapili, kila mtu uwanjani akasikia. "Huyu ni baba yangu. Ndiye alinioa... ndiye alioa mama yangu. Si makosa ya mtu. Ile laini ndiyo makosa, na niliandika mimi."

Nilingoja Bi Waithira acheke, nimchukie kwa raha. Hakucheka. Alikuwa anamtazama Wayua.

"Kwa nini hukuniambia, Bwana Mbithi?"

"Ungesema nini, Madam?"

"Nyanya yangu alioa," akasema kwa sauti ya chini, jinsi watu wanavyotaja ugonjwa wa ukoo. "Huko kwetu Murang'a wako wengi. Nilidhani ni nyinyi hamna, nikaona haya kuuliza."

Kwa hiyo tulikuwa tumewanyima chakula watu wetu, sisi na yeye pamoja, ili tusiaibishane.

Bartholomew akaomba kalamu. Mtu ambaye hajawahi kuongeza jina kwa wino tangu Kijana azaliwe aliandika maboma yote ya maweto ya kituo kile, wenyewe wakijitaja mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyelazimika kusema lililobaki. "Majina yapo," nikasema. "Mahindi hayapo. Nilipakia kulingana na orodha."

"Na lile gunia la nyuma ya kiti?" akauliza Wayua. "Dereva amemwambia Mumbua ni letu." Madereva ni watu wa kuaminika sana, siri huifikisha mpaka mlangoni.

"Ni lenu, Susu," Bartholomew akasema. "Nililinunua mimi."

"Letu, na hawa wenzangu watapika nini? Lete."

Likaletwa. Wayua akatia mkono ndani ya koti akatoa kikombe cha bati, kimebonyea upande mmoja. Mizani yangu ilining'inia bure. Mzee yule alipiga magoti kando ya gunia na kuwapimia wenzake kwa zamu, na boma lake aliliweka mwisho. Gunia lilipokaribia kuisha vikombe havikupungua ukubwa, ila vilipungua idadi, na Mumbua akaondoka na mahindi ambayo ungeweza kuyabeba kwenye pembe ya kitenge. Bartholomew alisimama pale akitazama kile kikombe. Hakuna aliyehitaji kumwambia kina mjomba au hakina.

Jumatatu aliitoa ile laini. Bi Waithira akaandika ripoti ndefu, akaeleza iweto ni nini, na wafadhili wakafurahi kupita kiasi. Walifurahi hata wakaongeza safu mpya ya aina ya ndoa. Na kwa kuwa walikuwa wanapanga upya, wakakibadilisha kile kichwa cha "Idadi ya watu", wakakiita "Wanakaya". Kijana, ambaye sasa alitafuta vitu kwa majina, alitafuta jina lisilokuwepo, akaanguka kifudifudi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Bartholomew naye alicheka, jambo ambalo sikuwahi kuliona, kisha akaketi kumfundisha tena.

Alipoenda kunywa chai aliiacha kompyuta wazi, bila kitambaa. Nikachungulia. Maagizo ya Kijana yaliteremka kwa Kiingereza chao kisichoeleweka, ila katikati kulikuwa na mstari mmoja wa rangi ya kijani. Alikuwa amenieleza siku moja kwamba mistari ya kijani mashine huiruka, haiisomi. Huandikwa kwa ajili ya mtu atakayekuja baadaye kushika kazi, asije akaharibu asichokijua.

Huo ulikuwa wa Kiswahili. Ulisema: Baba yangu ni 2. Usisahihishe.